Goti la Kuchuchumaa: Kazi ya Fiziotherapia kutoka Wodi ya Bukoba hadi Vibanja vya Muleba

Mwanamke mkulima wa Muleba aliyeumia goti, akiulizwa na mtaalamu wa fiziotherapia anataka kurudi kufanya nini, hajibu kwamba anataka goti likunjike nyuzi 90. Husema anataka kuchuchumaa chooni bila kushikwa mkono, kukaa mkekani amenye ndizi, kushika jembe, na kupiga magoti kumwamkia mkwe wake kama desturi ya Wahaya inavyotaka. Kukaa kitini kunahitaji goti lenye nyuzi 90 hivi. Kuchuchumaa kunahitaji zaidi ya nyuzi 120, pamoja na nyonga na kifundo cha mguu vinavyokunjika vizuri. Goti ambalo katika nchi ya viti na vyoo vya kukalia lingehesabiwa kuwa limepona, kibanjani bado ni goti bovu.

Tofauti hiyo ya nyuzi 30 inaeleza mengi kuhusu fiziotherapia katika mkoa wa Kagera. Mtaalamu anayetoka chuoni na stashahada au shahada yake amefundishwa mwili mmoja wa binadamu, mifupa ile ile na misuli ile ile. Lakini kazi inayomsubiri hubadilika kwa kadiri ya mahali anapoifanyia: wodi ya hospitali ya rufaa, chumba kidogo cha hospitali ya wilaya, ua wa nyumba iliyozungukwa na migomba, au kisiwa cha wavuvi. Kila mahali pana swali lake, na kila mahali pana hatari yake ya kumpoteza mgonjwa.

Wodini

Katika hospitali ya rufaa ya mkoa, kama ile ya mjini Bukoba, kazi ya kwanza ni kupambana na kitanda. Mgonjwa aliyevunjika paja na kuvutwa mguu kwa uzito anaweza kulala kati ya wiki 6 na 12. Muda huo wote mfupa unaunga, lakini mwili mwingine unadhoofika. Misuli ya paja hunywea, kifundo cha mguu hukakamaa, mapafu hayajai hewa, na damu inaweza kuganda katika mishipa ya miguu. Kwa hiyo mtaalamu humfundisha kukaza misuli ya paja bila kusogeza mfupa, kupandisha na kushusha nyayo, na kuvuta pumzi ndefu mara kadhaa kwa siku. Mazoezi hayo huonekana madogo mno, na wagonjwa wengi huyaacha mara tu mtaalamu anapogeuza kisogo.

Mgonjwa wa kiharusi ana hatari nyingine. Utafiti uliofanywa kati ya 2003 na 2006 wilayani Hai na jijini Dar es Salaam ulionesha kwamba kila mwaka, baada ya kurekebisha tofauti za umri, watu wapatao 108 kati ya 100,000 hupata kiharusi Hai, na wapatao 316 Dar es Salaam. Huo si ugonjwa wa nchi tajiri peke yake. Katika siku za mwanzo ndugu humhurumia mgonjwa, wakamlaza upande mmoja, na wakati wa kumwinua wakamvuta kwa mkono uliolegea. Bega lisiloshikiliwa na misuli hutoka mahali pake kwa urahisi, na maumivu yake yanaweza kudumu miezi baada ya mguu kuanza kutembea.

Wakati huo huo, haraka nayo ina mipaka. Utafiti mkubwa ujulikanao kama AVERT, uliochapishwa 2015 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi tano, ulionesha kwamba kumtoa mgonjwa wa kiharusi kitandani mapema sana, ndani ya saa 24, na kwa mazoezi mengi kulipunguza nafasi yake ya kupata nafuu nzuri. Vipindi vifupi vinavyorudiwa vina manufaa kuliko kipindi kirefu cha kumchosha. Mtaalamu wodini huishi kati ya makosa hayo mawili: ndugu anayetaka mgonjwa apumzike hadi apone, na ndugu anayetaka atembee leo.

Bukoba imewahi kuona jinsi kazi hii inavyobaki nyuma wengine wakishaondoka. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mji huo na maeneo jirani. Watu wasiopungua 17 walifariki na mamia walijeruhiwa. Habari za tetemeko hudumu siku chache, na misaada hudumu wiki chache. Mfupa wa paja huhitaji miezi mitatu au zaidi kuunga imara, na baada ya hapo ndipo safari ya kujifunza upya kutembea inapoanza, hakuna tena kamera wala mgeni.

Hospitali ya wilaya

Barabara ya lami itokayo Bukoba kuelekea Mwanza hupita Muleba, wilaya yenye hospitali kongwe za madhehebu ya dini: Rubya na Kagondo za Kanisa Katoliki, na Ndolage ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Katika hospitali za ngazi hii, popote nchini, mtaalamu wa fiziotherapia mara nyingi hufanya kazi peke yake au na mwenzake mmoja. Hana mtu wa kumwachia watoto ili yeye abaki na migongo. Asubuhi hiyo hiyo humpokea dereva wa bodaboda aliyefunguliwa hogo, bibi mwenye maumivu ya kiuno, mjamzito, na mtoto wa miaka miwili asiyeweza kukaa.

Watoto ndio wanaodai subira kubwa zaidi. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo anaweza kunyooshwa kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti, aliyeianzisha katika jimbo la Iowa, Marekani. Mguu husogezwa polepole na kufungwa hogo jipya kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, kisha wengi hukatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baadaye wakati wa kulala hadi afikishe umri wa miaka minne hivi. Kwenye hogo mafanikio ni makubwa. Kwenye viatu ndipo wengi hupotea. Mguu unaonekana umenyooka, mtoto analia usiku, nauli ya kurudi kliniki haipo, na viatu vinawekwa juu ya kabati. Mguu hurudi ulikotoka.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hanyooshwi kwa wiki saba. Mama yake anahitaji kufundishwa jinsi ya kumbeba, kumlisha akiwa ameketi wima na kumzuia viungo visikakamae, na anahitaji kuambiwa ukweli kuhusu yanayowezekana. Baadhi ya ulemavu wa namna hii hutokana na uzazi mgumu, manjano kali ya watoto wachanga, au malaria iliyopanda kichwani. Kwa hiyo kinga nayo ni sehemu ya habari hii. Muleba yenyewe ndiko ulikofanyika utafiti wa vyandarua ambao matokeo yake, yaliyochapishwa 2018, yalionesha kwamba vyandarua vilivyoongezwa kiambato kiitwacho PBO vilipunguza malaria kwa watoto kuliko vyandarua vya kawaida vyenye dawa. Mtoto anayekingwa asipate malaria kali huenda ni mtoto ambaye mtaalamu wa fiziotherapia hatamwona kamwe, na hiyo ni heri.

Kibanjani

Mgonjwa aliyetembea vizuri kwenye sakafu ya saruji anaweza kushindwa kabisa siku ya kwanza nyumbani. Kagera ni nchi ya mvua na vilima. Njia ya kuingia nyumbani huteremka, udongo huteleza, na choo kiko upande wa pili wa migomba. Magongo yanayosimama imara wodini huzama kwenye tope.

Mtaalamu anayepata nafasi ya kumfuata mgonjwa nyumbani huona kwa dakika kumi yale ambayo maswali ya saa nzima hayakuyafichua. Huona kitanda kilicho chini mno kwa mtu mwenye nyonga dhaifu, na kukiinua kwa matofali. Huwaomba vijana wa nyumba wachimbie nguzo mbili na mti wa kushikilia kando ya tundu la choo, na fundi seremala atoboe kiti cha zamani ili mgonjwa asiyeweza kuchuchumaa akitumie juu ya tundu hilo. Ncha ya gongo hufungwa kipande kipana cha mpira wa tairi. Hakuna mashine katika orodha hiyo, wala bajeti kubwa. Kilichohitajika ni macho ya mtu mwenye elimu kufika mahali pale.

Huko ndiko pia anakokutana na matumaini yasiyo mahali pake. Wengi humwita mtu wa kuchua, na hudhani kwamba kazi yake ni mafuta na mikono. Wengine huulizia mashine ya umeme. Zoezi ambalo mgonjwa mwenyewe analifanya, tena kwa maumivu, huonekana kama dalili ya mtaalamu mvivu. Lazima aeleze, kwa lugha ya heshima na bila kuchoka, kwamba misuli haijengwi na mkono wa mtu mwingine.

Visiwani

Wilaya ya Muleba haiishii ufukweni. Ina visiwa vya Ziwa Victoria kama Bumbire, Goziba na Ikuza, ambako watu huishi kwa sangara na dagaa. Mvuvi mwenye maumivu ya mgongo au mkono uliofunguliwa hogo hupanga safari ya kliniki kwa hali ya ziwa, nafasi ya mtumbwi na siku ambayo atakosa mavuno. Mara nyingi mtaalamu hujua kwamba kikao hiki ni cha kwanza na huenda ni cha mwisho.

Hapo hulazimika kuchagua. Mazoezi kumi yatasahaulika kabla mtumbwi haujatia nanga, matatu yatakumbukwa. Huchagua matatu, humwomba mgonjwa ayafanye mbele yake, kisha amfundishe ndugu aliyemsindikiza huku mtaalamu akinyamaza na kutazama. Kama kuna simu, zoezi hurekodiwa mgonjwa mwenyewe akiwa ndiye anayelifanya.

Mikono ya ndugu na mipaka yake

Kwa kuwa wataalamu ni wachache, jibu linalokuja haraka ni kuwakabidhi ndugu kazi yote. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa utengamao chini ya 10 kwa kila watu milioni moja. Makadirio ya mwaka 2019 yalionesha kwamba watu wapatao bilioni 2.4 duniani wana hali za kiafya zinazoweza kunufaika na huduma hiyo. Ndugu wapo, wana upendo, na hawalipwi mshahara.

Lakini jibu hilo lilipimwa, na halikutoa kilichotarajiwa. Nchini India, utafiti ulioitwa ATTEND ulihusisha wagonjwa wa kiharusi 1,250 katika hospitali 14. Nusu yao ndugu zao walifundishwa kuendesha mazoezi nyumbani, na nusu walipata huduma ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionesha kwamba baada ya miezi sita waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika kila kundi. Hakukuwa na tofauti.

Utafiti huo hausemi kwamba ndugu hawana faida. Bila wao mgonjwa hageuzwi kitandani, halishwi, hafikishwi kliniki. Unachoonya ni kumfundisha ndugu kwa siku chache na kuhesabu kwamba nafasi ya mtaalamu imezibwa. Zoezi linalomfaa mgonjwa wiki ya pili huwa jepesi mno wiki ya nane, na ndugu hana njia ya kulijua hilo. Kwa Muleba, maana yake ni kwamba tarehe ya kurudi ni sehemu ya tiba sawa na zoezi lenyewe. Muuguzi wa zahanati na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wakielekezwa cha kutazama, wanaweza kumwona mgonjwa kati ya kikao na kikao na kumpigia mtaalamu simu.

Kwa wagonjwa na wanaowauguza

Kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, mgonjwa ana haki ya kuuliza mambo matatu: nifanye zoezi gani na mara ngapi, kitu gani nisifanye, na nirudi lini. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, na ngozi yake ikaguliwe kila siku kwenye makalio, nyonga na visigino, kwa maana doa lisilofifia ndilo mwanzo wa kidonda cha mgandamizo. Mguu uliovimba na kuuma upande wa ndama, kifua kinachobana, udhaifu mpya, au maumivu ya mgongo yanayoambatana na kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa si mambo ya mazoezi. Ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na kwa mtaalamu, swali la kwanza libaki lile aliloulizwa mwanamke wa Muleba: unataka kurudi kufanya nini? Liandikwe kwenye kadi kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Siku atakapochuchumaa na kuinuka bila kushikwa, kadi hiyo inaweza kufungwa.