Mtoto Anapolia Baada ya Chupa

Wazazi wenzetu wa Birmingham, mtoto mchanga anapolia kila anyweshwapo maziwa ya kopo, wazee wetu husema ni mchango, nao huagiza maziwa ya mbuzi. Twawasihi msiharakishe. Kucheua kidogo ni kawaida. Lakini akitapika mno, akihara, akatokwa na vipele, au choo chake kikiwa na damu, huenda mwili wake unakataa protini ya maziwa ya ng'ombe. Ile ya mbuzi yafanana nayo sana, haitamfaa. Mpelekeni kwa daktari wenu: mkalimani ni bure, na maziwa maalumu yakiandikwa na daktari hayalipiwi. Midomo ikivimba au akipumua kwa shida, pigeni 999 papo hapo.