Nyimbo za Manamba Zimelala Wapi?

Kusini mwa Marekani iko barabara namba 61, ipitayo kwenye mashamba ya pamba ya Mississippi. Huko ndiko ulikokulia muziki wa bluzi, muziki wa Weusi waliochuma pamba hiyo kwa ujira wa kijungujiko. Muddy Waters, dereva wa trekta katika shamba la Stovall, aliondoka 1943 kwenda Chicago na gitaa lake. Mji wa Clarksdale una makumbusho ya bluzi tangu 1979, na mwaka 2006 jimbo lilianza kusimamisha vibao: hapa kazikwa fulani, pale palipigwa dansi.

Sasa tuje kwetu Kasulu. Kuanzia 1944 SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, ilikusanya vijana wa Buha na kuwapeleka hadi mashambani Tanga. Waliitwa manamba, kwani mtu alihesabiwa kwa namba yake. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1955 leo ana miaka 90 hivi, ikiwa yungali hai.

Kibao si lazima kiwe cha chuma. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, alifariki 2010, lakini kituo cha daladala cha Sinza, Dar es Salaam, bado kinaitwa Kwa Remmy. Makonda wamekiandika kwa midomo, bila senti ya serikali!

Je, manamba wa Kasulu walikusanyikia wapi, na njiani waliimba nini? Mwenye babu aliyekwenda Tanga amwulize jioni hii.