Risasi haidhuru kwa bunduki pekee: Tahadhari kwa wanaotengeneza askari wa mchezo

Dada yangu ni mwalimu Burnt Forest, kaunti ya Uasin Gishu, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Sisi watu wa Pwani tukifika huko hutetemeka. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jua likizama madirisha hufungwa na jiko la makaa huingizwa ndani.

Nilipowatembelea likizo iliyopita, mpwa wangu wa miaka 14 alinivuta mkono. "Mjomba, njoo uone jeshi langu."

Juu ya meza palikuwa na askari kama thelathini, kila mmoja mfupi kuliko kidole gumba, wamepakwa rangi ya kaki, na bunduki zao mabegani. Wachache walikuwa wa kununua. Waliobaki aliwatengeneza mwenyewe kwa kalibu ya plasta. Nikamsifu, kisha nikamuuliza metali aliitoa wapi.

"Si zile chubwi ulizoniletea, mjomba?"

Kweli, nilimletea mimi. Aliniomba chubwi za kuvulia, nikadhani anataka kwenda kuvua bwawani. Kumbe alikuwa akiziyeyusha usiku juu ya jiko, dirisha limefungwa, kwenye sufuria kuukuu ambayo asubuhi ilirudi jikoni. Ndiyo sababu ya makala haya.

Mchezo wenyewe

Huu ni mchezo wa mezani wa kuigiza vita. Wachezaji wawili au zaidi hupanga vikosi vya vijisanamu, husogeza kwa kupima na rula, na dadu huamua nani amepigwa. Si mchezo mpya. Mapema karne ya 19 maafisa wa jeshi la Prussia waliutumia kujifunza mbinu za vita. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya Uingereza ilianza kuuza askari wa risasi wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu, na mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za mchezo huo kiitwacho Little Wars.

Mpwa wangu anacheza vita vya Tanga vya Novemba 1914. Waingereza walileta wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, wakawashusha upande wa Ras Kasone, wakashindwa na kikosi cha Wajerumani cha watu takriban 1,000, wengi wao askari Waafrika. Hata nyuki waliingia vitani, wakauma wa pande zote. Kwa kijana wa asili ya Pwani anayekulia bara, hiyo ni njia nzuri ya kuijua historia ya kwao, na sikutaka kumkataza.

Metali iliyo mkononi

Vijisanamu vya zamani vilikuwa vya risasi, peke yake au iliyochanganywa na metali nyingine. Vya siku hizi vinavyouzwa madukani, vingi ni vya plastiki au vya bati lililochanganywa na antimoni, bila risasi. Lakini vya zamani bado huuzwa mkono kwa mkono, na anayejitengenezea hukimbilia risasi kwa sababu ni rahisi kupata na huyeyuka kwa nyuzi 327 tu.

Risasi utaitambua hivi: ni nzito kuliko umbo lake, ni laini hata kucha huacha alama, na ukiisugua juu ya karatasi nyeupe huacha mstari wa kijivu. Kijisanamu cha zamani kikitoa unga mweupe, usiupulize wala kuukwangua. Ni risasi iliyooza, na unga huo ni sumu.

Kugusa risasi ngumu mara moja si hatari kubwa. Hatari ni vumbi, majivu yake na moshi. Ukiyeyusha, utando wa juu hugeuka unga mwembamba unaotua mezani, kwenye nguo na kwenye chakula, na moto ukizidi hutoka mvuke usioonekana. Betri kuukuu ya gari ni mbaya zaidi, maana ina unga wa risasi tayari na asidi juu yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Hudhuru ubongo unaokua, hupunguza damu, na mtoto huweza kuumia bila kuonyesha dalili.

Hapa Mombasa somo hili tulilipata kwa machozi. Wakazi wa Owino Uhuru, karibu na Jomvu, waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido aliyewapigania alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ambayo baadaye ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Jiko la nyumbani si kiwanda, lakini chumba kilichofungwa nacho ni kidogo.

Kupaka bila kudhurika

Kanuni ya kwanza: usiyeyushe risasi nyumbani. Nunua vijisanamu visivyo na risasi, au finyanga kwa udongo. Kama tayari unavyo vya risasi, visugulie ndani ya maji kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke, kisha futa meza kwa kitambaa kibichi, usifagie.

Pili, osha kijisanamu kwa sabuni, kikauke, kisha kipake praima. Bila praima rangi haishiki kwenye metali, itabanduka kwa kushikwashikwa. Praima ya kupuliza ipulizwe nje. Katika baridi ya Burnt Forest subiri saa za mchana, kwani ikipulizwa kwenye umande hukauka ikiwa na chembechembe.

Tatu, tumia rangi za maji za akriliki. Zipunguze ziwe nyepesi kama maziwa, upake tabaka mbili au tatu. Kwa ngozi ya askari wetu, usichanganye nyeupe ili kung'arisha, maana uso utapauka kama majivu. Anza na kahawia iliyokoza, kisha guse paji la uso, pua na mashavu kwa kahawia nyekundu. Malizia kwa vanishi, ambayo pia hufunika metali isiguse vidole.

Nne, usichonge ncha ya brashi kwa ulimi. Wapakaji wengi hufanya hivyo bila kujijua. Na hakuna kula mezani hapo, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Mandhari hayana sumu wala gharama. Minazi ni waya na karatasi, makuti ni nyuzi za ufagio, ardhi ni mchanga na unga wa mbao juu ya gundi. Kuta za mawe hukatwa kwa povu jeupe la kufungia televisheni, ila usilipulizie rangi ya kopo, litayeyuka. Mpwa wangu alitaka pia kijiji kilichoungua. Mama yake akakataa: "Hapa nyumba ziliungua kweli, 1992 na 2008. Jirani zetu wasije wakayakuta mezani kwangu." Kijiji kikabaki kizima.

Tulivyomaliza

Sufuria ile tuliitoboa isipikiwe tena. Chubwi zilizobaki nimerudi nazo Mombasa, zimo kwenye nyavu zinakostahili. Mtoto alitolewa damu kupimwa risasi. Majibu hayakuwa ya kutisha, lakini daktari alisema yangeweza kuwa.

Wazazi, mtoto akiomba chubwi, betri kuukuu au vipande vya risasi, mwulize ni vya nini. Mimi sikuuliza.