Kuchagua Kondoo wa Mbegu

Wafugaji wengi wenye mashamba madogo, wakipatwa na haja ya fedha, huuza kondoo walio bora, kwa kuwa hao ndio wenye bei sokoni. Walio dhaifu hubaki nyumbani wakazaa. Kisha wenyewe hushangaa kuona kundi likidhoofika mwaka hata mwaka. Mkulima gani hula mahindi yake bora yote, akapanda yaliyobunguliwa?

Dume ndiye wa kuangaliwa kwanza. Jike huchukua mimba miezi 5, akazaa mmoja au wawili. Lakini dume mmoja huwatosha majike 25, na nusu ya damu ya wana-kondoo wote ni yake. Basi achaguliwe mwenye mgongo mrefu, miguu iliyonyoka, kwato nzima na mapumbu mawili yaliyo sawa. Tena lifunuliwe kope lake la chini: ndani pakiwa pekundu, ni dalili njema, pakiwa peupe, yamkini minyoo ya tumbo inamfyonza damu.

Ukubwa peke yake usikudanganye. Dorper, aliyezalishwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1930, ana nyama nyingi. Lakini kondoo mwekundu wa Wamasai hustahimili minyoo kuliko yeye.

Madume wasiofaa wahasiwe wangali wadogo. Naye dume wa mbegu asiwapande binti zake; abadilishwe na wa jirani kabla hawajakomaa.

Auzaye dume bora kwa haja ya leo, ameuza pamoja naye wana-kondoo wa miaka ijayo.