Volkswagen ya Zamani na Hesabu ya Kupanda na Kushuka

Ukilala chini ya Volkswagen Beetle ya zamani ukatazama upande wa mbele, hutaona springi. Hakuna koili nene kama za magari ya leo, wala pasi kama za lori. Kuna mabomba mawili ya chuma, moja juu ya jingine, yamelala kutoka gurudumu hadi gurudumu. Springi zimo ndani yake, na anayetaka kushusha au kuinua pua ya gari hili huanzia humo.

Mfumo huu unatokana na kazi ya Ferdinand Porsche, aliyeomba hataza ya springi za msokoto mwaka 1931. Katika kila bomba la Beetle mmepangwa mabamba membamba ya chuma yaliyobanana kama fimbo moja. Katikati, skrubu yenye nati huyashika yasizunguke. Kwenye kila ncha yamechomekwa katika mkono mfupi unaoelekea nyuma, ambao ndio unaobeba gurudumu. Gurudumu likipanda tuta, mkono huzunguka na mabamba husokotwa kama nguo inayokamuliwa. Chuma kinapojinyoosha, hulirudisha gurudumu chini.

Njia ya mkato ya kushusha gari ni kuchomoa baadhi ya mabamba. Gari hushuka kweli, lakini springi huwa laini mno, na pua hunesanesa kila penye shimo. Njia bora ni kuyaacha mabamba yote na kugeuza pale yaliposhikwa. Fundi hukata kipande kifupi cha bomba chenye ile skrubu ya katikati, kisha huchomelea kifaa kinachokiwezesha kipande hicho kuzunguka na kufungwa upya. Vifaa vingine vina meno, vingine vina tundu refu la bolti. Baada ya hapo, kubadili kimo ni kulegeza, kugeuza na kukaza.

Kazi hiyo ya kukata na kuchomelea haifanywi garini. Tangi la petroli la Beetle liko mbele, juu ya mabomba hayohayo. Tena, joto la kuchomelea huharibu ugumu wa mabamba. Kwa hiyo ekseli nzima hufunguliwa, mabamba hutolewa, na uchomeleaji hufanyika mezani.

Kwa nini mbinu hii haibadilishi ugumu wa springi? Uzito wa gari ni uleule na mabamba ni yaleyale, hivyo yatasokotwa kwa kiasi kilekile ndipo yaubebe. Kinachohama ni pale msokoto unapoanzia. Tuchukue mkono wa sentimita 15 uliolala sambamba na ardhi: ukiugeuza nyuzi 10, ncha yake husogea takriban sentimita 2.6. Ukirekebisha bomba moja tu, gari litashuka, lakini mabomba mawili hayatagawana mzigo kama zamani. Ndiyo maana wengine huweka kifaa katika yote mawili.

Hata hivyo, dereva wa gari lililoshushwa hulalamika kuwa limekuwa gumu. Springi haina kosa. Gurudumu lina safari yenye mipaka: juu linazuiwa na mpira wa kugotea, chini na mwisho wa shokapu. Gari likishuka sentimita 5, safari ya kwenda juu hupungua kwa kiasi hichohicho, na ile ya kwenda chini huongezeka. Kwenye shimo la kawaida mkono unaugonga mpira, na kishindo hicho ndicho dereva anachokiita ugumu. Shokapu fupi husaidia zisigote mapema, lakini haziongezi nafasi iliyopotea.

Umbo la ekseli hii lina faida moja kubwa. Kila gurudumu linashikwa na mikono miwili iliyo sambamba na inayolingana urefu, inayocheza juu na chini kwa kufuata urefu wa gari. Kwa hiyo gurudumu hubaki wima katika kimo chochote, halilali ndani wala nje. Kinachoathirika ni usukani. Kwa kuwa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.4, pua ikishuka sentimita 5 huku nyuma kukibaki palepale, gari zima huinama nyuzi 1.2 hivi. Mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia hupungua kwa kiasi hicho, na usukani huwa mwepesi na wenye kutangatanga kwenye mwendo kasi. Dawa yake ni vipande vya chuma nyuma ya bomba la chini, vinavyolisukuma mbele kidogo. Tairodi nazo hubadili pembe, kwa hiyo alaimenti hupimwa upya kila kimo kinapobadilishwa.

Kifaa hichohicho kinaweza kuinua gari. Afrika Mashariki, ambako Beetle ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1962, uvungu mkubwa una faida kuliko pua iliyoinama. Lakini gari lililoinuliwa hupungukiwa upande wa pili: gurudumu likitumbukia shimoni, shokapu huishiwa mapema na tairi huachana na barabara. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, pima nafasi iliyopo juu na chini ya mkono, kisha amua ni upande gani barabara zako zinauhitaji zaidi. Kifaa hiki hakiongezi hata milimita moja ya safari, kinaigawa tu.