Kubadilika kwa Umbo la Kuvu ya Fugwe katika Mche wa Mtama: Mfano wa Nyanda Kavu za Dodoma

Katika mashamba ya mtama mkoani Dodoma, fugwe hutambuliwa suke linapokomaa: mahali pa punje pamekaa vifuko vya kijivu vilivyojaa unga mweusi. Kwa kuwa dalili hujitokeza wakati huo, ni rahisi kudhani kwamba maradhi nayo yameingia wakati huo. Sivyo. Mmea uliambukizwa mche ungali chini ya udongo.

Unga huo ni spora za kuvu iitwayo Sporisorium sorghi. Wakati wa kupura, vifuko hupasuka na spora hunata juu ya punje nzima. Mkulima anayetenga mbegu kutoka katika lundo hilohilo huweka ghalani mbegu na maradhi yake. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Udongo unapolowa, mbegu na spora huota pamoja.

Hapo ndipo umbo hubadilika. Spora hutoa kijiti kifupi kinachozaa chembe ndogo zinazoongezeka kwa kuchipua, kama hamira. Chembe hizo, kila moja peke yake, haziwezi kuudhuru mtama hata zikiuzunguka. Namna zinavyopata uwezo huo imeelezwa vizuri zaidi katika kuvu ya jamii moja nayo, Ustilago maydis ya mahindi. Chembe mbili za aina tofauti hutambuana kwa kemikali, kisha huungana. Protini mbili, kila moja ikitoka kwa mzazi wake, zikishikamana huamsha jeni zilizokuwa zimelala: uchipuaji hukoma, na chembe hurefuka kuwa uzi wenye viini viwili. Uzi huo ndio unaopenya mche. Ukishaingia hufuata ncha inayokua bila kuudhoofisha mmea waziwazi, hadi maua yanapoumbika. Hapo hugeuka tena kuwa spora, ndani ya kile ambacho kingekuwa punje.

Kwa hiyo dawa inayopuliziwa masuke ni fedha iliyopotea. Nafasi ya kuzuia ni kabla mche haujachomoza, na kwa kuwa spora zimekaa nje ya punje, kuipaka mbegu dawa kabla ya kupanda hutosha mara nyingi. Nchini Ethiopia, kuloweka mbegu katika mkojo wa ng'ombe uliochachushwa kumepunguza fugwe kwa kiasi kikubwa. Kwa Wagogo, ambao ni wafugaji pia, malighafi hiyo iko zizini.

Mkulima aliyetibu mbegu na bado akaona weusi achunguze suke lenyewe. Likiwa limegeuka lote kuwa fuko moja badala ya punje mojamoja, hiyo ni Sporisorium reilianum, ambayo spora zake hudumu udongoni, na dawa ya juu ya mbegu haizifikii zote.