Sauti za Tahadhari Katika Meli za Vita

Kengele ya madrasa ikilia, hakuna anayesimama kuuliza maana yake. Katika meli ya vita mambo ni hayo hayo, ila huko anayekosea maana aweza kupoteza roho yake na za wenzake. Katika makala hii tutaeleza sauti walizotumia wanamaji wa Marekani katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na namna ya kuzitofautisha.

Zamani za meli za tanga, mabaharia waliitwa kwenye mizinga kwa mlio wa ngoma. Meli zilipokuwa za chuma, zenye sitaha nyingi na kelele za mitambo, ngoma haikutosha tena. Vikawekwa vyombo vya umeme vya kupeleka sauti hadi vyumba vya chini. Na kwa kuwa kila hatari ina kazi yake, kila hatari ikapewa sauti yake.

1. Sauti ya mapigano. Hii ililia kama kengele inayogongwa haraka haraka bila kupumzika. Maana yake ni kila mtu akimbilie mahali pake pa kupigania, na milango ya kuzuia maji ifungwe. Ili watu wasigongane, aliyekwenda omoni au kupanda juu alipita upande wa kulia wa meli. Aliyekwenda tezini au kushuka chini alipita kushoto.

2. Sauti ya gesi ya sumu. Hii ni sauti moja iliyonyooka, haipandi wala haishuki. Aliyeisikia alivaa kinyago chake kwanza, mengine baadaye.

3. Sauti ya moto. Kengele ya meli ilipigwa mfululizo, kisha mapigo yakahesabiwa. Pigo moja, moto uko omoni. Mawili, uko katikati. Matatu, uko tezini.

4. Sauti ya nyambizi. Humo ilitumika honi yenye mlio wa kukwaruza, iitwayo klaksoni. Milio miwili ilikuwa amri ya kuzama, na mitatu amri ya kuibuka. Mabaharia waliofunzwa vizuri waliweza kuizamisha nyambizi chini ya maji kwa muda usiofika dakika moja. Aliyechelewa kuingia na kufunga mfuniko aliwahatarisha wote.

Basi ukitaka kuzitambua, jiulize mambo matatu: Je, sauti inagongwa au inanyooka? Je, ni milio mingapi? Na je, baada yake kuna tangazo gani?

Tutoe mfano mmoja. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941, manowari ya Marekani iitwayo Ward ilikuwa ikilinda mlango wa bandari ya Pearl Harbor, huko Hawaii. Nahodha William Outerbridge akatoka kitandani mbio, na saa 12:40 ikapigwa sauti ya mapigano. Kufika saa 12:45 mizinga ilikuwa tayari inapiga, na nyambizi ndogo ya Japani ikazama. Dakika tano tu! Mabaharia wale hawakuwa na nafasi ya kujifunza maana ya sauti wakati ule; walikuwa wameijua kabla.

Lakini habari waliyoituma nchi kavu haikushughulikiwa kwa haraka, kwa kuwa wakubwa walitaka kwanza kuihakikisha. Saa 1:55 ndege za Japani zikaanza kushambulia bandari, na Wamarekani zaidi ya 2,400 wakafa siku hiyo.

Hapo tunaona, wanafunzi wetu, kwamba sauti ya tahadhari peke yake haimwokoi mtu. Humwokoa yule aliyejifunza maana yake mapema, na akaisikia, na akainuka.